Koti la Kushukia Bukavu

Yaya Feza, dada yangu,

Ni mimi Déo, mdogo wako, yule uliyekuwa unasema polisi wakiukamata mdomo wake utafungwa maisha. Nakuandikia nikiwa kitandani kwa sababu hakuna pengine pa kukaa. Chumba chetu cha hapa Jeppestown mwenye nyumba alikigawa kwa mbao mara tu tulipokuzika. Upande uliokuwa wa cherehani yako sasa anakaa mtu na jiko lake la parafini. Akikohoa yeye, mimi ndiye ninayejifunika. Cherehani aliichukua binti yako Grace, iko kwake Kensington, ameitandikia kitambaa na kuiwekea chungu cha maua juu. Nimemwambia cherehani si meza. Ananijibu "eish, Tonton," ndiyo mjomba kwake, basi, anaendelea na simu yake. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukisema ni kama amefungwa plasta mdomoni.

Upande wangu mimi ulibaki na kitanda, mlango na nguo. Zile ulizonishonea wewe, Yaya, miaka yote ile. Nilizipanga kwenye mifuko mikubwa ya mistari mpaka zikagusa dari, na mlango ukawa unafunguka nusu. Na mimi sijawahi kuwa mtu wa nusu. Sasa hivi ndiyo kabisa. Nimenenepa, nguo zako hata moja hainienei tena. Kazi ya ulinzi ni kiti, mkate na chai ya sukari nyingi, na ninachovaa ni yunifomu tu, asubuhi mpaka jioni, jina la kampuni mgongoni kubwa kuliko jina langu. Lakini wezi wananiheshimu! Majuzi nilikohoa tu pale getini, wezi watatu wakarudisha wenyewe redio ya gari. Sawa, alikuwa mmoja. Sawa, alikuwa anaomba kiberiti. Najua ungesema nini: "Ongeza chumvi, Déo, mchuzi bado."

Hili la pili halina chumvi. Siku moja natoka kwenda kazini, mfuko ukaporomoka nyuma ya mlango. Tumbo likawa huku, mgongo kule, kitasa katikati ya mbavu. Nikakwama. Mwanamume mzima, mlinzi wa mali za watu, sitoki wala siingii. Jirani wa parafini, ambaye naye hupita mlango huohuo, anasukuma kutoka ndani, Mzulu mmoja wa hosteli ananivuta kutoka nje, "hawu, baba, pumua!" Nipumue vipi? Kupumua ndiko kulikokuwa kunanibana. Grace alipokuja hakucheka. Aliniambia kwa Kiingereza chake, mimi nakuandikia kwa chetu: "Tonton, chagua. Ni wewe au nguo za Mama."

Ndipo nikaanza kuzitoa. Lakini si kuzitupa, Yaya, usinitolee macho. Nimewaona wanaopokea shati Jumapili, Jumatatu linafuta vioo vya magari kwenye robot, zile taa za barabarani. Nikasema nguo za Feza zitatoka kama mabinti wanavyotoka kwetu. Mtu anakuja, anakaa kitandani, mimi nasimama, naulizia ukoo wake, kazi yake, hasira zake. Kinyozi Mrundi wa huku chini alitaka lile shati la kijani lenye mifuko miwili. Nikamuuliza, "Pasi unapiga vipi?" Akasema, "Sina pasi, mzee. Natandaza chini ya godoro, nalala juu yake." Nikampa palepale, maana asiye na pasi hawezi kuliunguza. Mama mmoja muuza mboga aliomba lile la kitenge cha ndege, akaniambia wazi atalikata amshonee mtoto wake. Nilimfukuza. Kesho yake nikamfuata mwenyewe na shati mkononi. Nilikuwa nimewaza, mtoto naye ni nyumba, tena ana miaka mingi mbele.

Mlango ukawa unafunguka kila siku zaidi kidogo. Likabaki lile koti la buluu na suruali yake.

Unalikumbuka. Hukutaka nilivae kanisani, hukutaka nilivae arusini. "Hili ni la siku utakayoshuka Bukavu," ulisema, "watu waseme Déo amerudi, wasiseme amerudishwa." Na mimi nilisimama mbele yako, utepe wako kiunoni kwangu, nimevuta tumbo mpaka likashikana na mgongo. Ukasema, pini zimejaa mdomoni, "Achia tumbo, Déo." Nikasema hili ndilo tumbo langu, ni tumbo la mwanajeshi. Sikuwa napumua. Ukacheka. "Haya, mwanajeshi." Ukaandika vipimo.

Sasa Bukavu yenyewe iko wapi? Tulikulaza huku huku, kusini mwa mji, kwa sababu kukusafirisha kulitushinda. Na mimi karatasi yangu ya ukimbizi, nikikanyaga kwetu tu, nimeifuta kwa miguu yangu mwenyewe. Hata mama yetu alipokulilia nilimsikia kwenye simu. Naenda ofisini kila wanaponiita, napanga foleni tangu giza, wananigongea muhuri, wananiambia nirudi tena. Siwezi kuondoka, na siwezi kusema nimekaa. Nikalijaribu lile koti. Vifungo na matundu havikuonana hata kwa kusalimiana. Nikajiambia, koti la kurudi kwa mtu asiyerudi, tena lisilomwenea, linamngoja nani?

Nikampa Papa Jules, yule fundi viatu wa kanisani kwetu Rosettenville, kwa ajili ya mwanawe anayeoa. Suruali hakuitaka, vijana wa hapa wanaoa na jinzi. Papa Jules mwenyewe ni mtu mkubwa, hata kiti cha plastiki kinasali anapokikaribia. Nilimuuliza, "Kijana ataliheshimu?" Akasema ataliheshimu. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikarudi nyumbani. Mlango ulifunguka wote mpaka ukagonga ukuta. Nikasimama hapo nikiutazama. Ulikuwa wazi kabisa, na sikuwa na pa kwenda.

Jumapili iliyofuata nani anaingia kanisani na koti langu? Si kijana. Ni Papa Jules mwenyewe! Na amelifunga, Yaya! Vifungo vyote! Koti lililonikataa mimi limemkubali mtu ambaye ningeweza kujificha nyuma yake na mwavuli nimefungua. Mahubiri sikusikia hata neno. Walipotoka nikamvuta kando.

"Papa Jules, umelitia viraka koti la dada yangu?"

"Viraka wapi, ndugu? Kijana amelikataa, anataka yale mafupi ya kubana kama soksi. Nikasema basi nitavaa mimi, nikalipeleka kwa fundi aliongezee kitambaa. Fundi akafumua, akaanza kucheka peke yake. Akaniambia, baba, aliyeshona hii alishaongeza. Ndani kumejaa kitambaa kimekunjwa. Hata chaki ameshachora pa kupitisha uzi."

Nikatazama ubavuni. Kweli, ulikuwepo mstari wa buluu iliyokolea, pale kitambaa kilipokuwa kimejificha hakijaona jua.

Papa Jules si mtu wa maneno. Alinitazama usoni, akaanza kufungua vifungo. "Chukua, ndugu. Ni la kwenu." Nilitaka, Yaya. Mkono ulishatoka. Halafu nikaona jinsi lilivyomkaa mabegani, na mkewe amesimama pembeni anamwangalia kama bwana arusi. Nikamwambia, "Funga. Mimi nikishaoza binti sidai." Tukakubaliana tu kwamba siku karatasi yangu ikinyooka, ataniazima nishukie Bukavu. "Litakupwaya," akasema. Mimi, koti linipwaye! Nilicheka mpaka nikalia, au ilikuwa kinyume chake, watu walikuwa wengi sikuangalia.

Nilipofika nyumbani nikaigeuza suruali ndani nje. Nyuma ya kiuno nikakuta kitambaa kimekunjwa, kimelala kimya. Kuna mstari wa chaki karibu na mshono, na nje ya huo kuna mwingine. Kwa hiyo uliniona nikivuta tumbo, ukanyamaza, ukachora. Tena ukachora na tumbo la miaka ya mbele. Nilikukasirikia, sikufichi. Mashati yote yale niliyoyatoa nikidhani yamenikataa! Kwa nini hukuniambia? Halafu nikafikiri, ungeniambia saa ngapi? Mimi ndiye niliyekuwa naongea.

Nikaipeleka kwa Grace nikamwomba anitafutie fundi. Akaishika, akapitisha kidole kwenye chaki yako. Akatoa chungu cha maua. Akatoa kitambaa. Yaya, mtoto wako anajua kutia uzi! Sijui ulimfundisha lini. Mshono wake unayumba kama mtu anayetoka shebeen kunywa pombe, lakini unafika. Kabla ya kushona alinizungushia utepe wako kiunoni. Mimi nikasimama wima, mwanajeshi, nikavuta. Akanipiga kofi dogo tumboni. Akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ileile yako:

"Achia tumbo, Tonton."

Amefumua mpaka mstari wa kwanza. Wa pili nimemkataza asiuguse, una siku yake.

Basi pumzika, Yaya. Mimi niko hapahapa, kesho ni zamu, keshokutwa ni foleni ya muhuri. Lakini nakuahidi koti lile nitalijaza, mabega na ubavu, nitakula mpaka Papa Jules anionee wivu. Na siku nitakayoshuka, nitasimama mlangoni kwa mama nikiwa nimelivaa, nimwambie ni mkono wa Feza huu. Hapo sitatia chumvi.

Suruali nimeivaa sasa hivi ninapokuandikia. Tumbo nimeliachia.

Mdogo wako,
Déo