Kilio alichokipiga nyanya Kahaso

Nyamvula, shangazi kanisimulia sasa hivi, bado nimeduwaa. Ni nyanya Kahaso, hapa hapa Changamwe, mwaka wa 1947.

Babu Randu alikuwa kuli bandarini. Karani mmoja Mhindi akamfundisha yoga: lala chali, fumba macho, vuta pumzi polepole, usimjibu mtu mpaka umalize.

Kahaso katoka kisimani, kamkuta chali mkekani, mchana kweupe. Akamwita. Kimya. Akamwita tena. Kimya. Kumgusa hakuthubutu.

Akapiga yowe la msiba. La msiba, Nyamvula. Majirani wakajaa, wanawake wakajibwaga chini, wanaume wakaenda kutafuta majembe.

Randu akafumbua macho. "Nilikuwa napumzika tu."

Kahaso bado analia. "Miaka kumi na miwili sijakuona ukipumzika. Ningejuaje?"