Mechi Tisini na Nne za Mtunza Vifaa

Mtaa wa Kolejowa 8,
Olszowice.
22 Juni 2003

Mpendwa Shangazi Genowefa,

Pokea salamu zetu za huku nyumbani. Nyonga inaendeleaje? Na Mjomba Ludwik bado anabishana na daktari kuhusu sigara? Sisi wazima. Halina ameshapika jamu ya stroberi, chupa ishirini na nane, na goti langu linauma siku za mvua tu, yaani siku nne kwa wiki.

Barua yako ilifika Jumanne pamoja na kile kipande cha gazeti. Nimeisoma mara tatu. Nimekasirika, Shangazi, na sitakuficha. Unauliza kwa nini gazeti la huko Chicago linasema kocha aliyeipandisha timu yetu ya Iskra hadi ligi ya tatu ni Cezary Pilch, na kama miaka yote hii nilikuwa nakuandikia uongo. Unasema ulishaitangazia parokia nzima, na sasa wanawake wa kwaya wanakucheka. Ungekuja hapa ukanizaba kofi, lisingeniuma hivyo.

Basi sikiliza hesabu. Mechi 94. Ushindi 61, sare 19, kupoteza 14. Zote zangu. Nilipoichukua Iskra ilikuwa ligi ya sita, wachezaji kumi na watatu, wawili kati yao wanavuta sigara wakati wa mapumziko. Nilikuwa natoka kuweka vigae kwenye bafu za watu, naingia uwanjani na saruji kwenye kucha. Unajua nilikotoka: mechi 212 beki wa kushoto, kisha goti, kisha nikajifunza vigae mwenyewe bila mtu kunishika mkono. Ukocha nao niliujifunza hivyohivyo.

Hapo ndipo kosa lilipo, na robo yake ni yangu. Kuanzia ligi ya sita kwenda juu, chama cha mpira hakimtambui kocha asiye na leseni. Kozi ni wikiendi kumi na sita. Nikasema siendi kukaa dawatini nifundishwe kukaba na mtu ambaye hajawahi kumkaba mtu. Mwenyekiti wetu Hieronim Gzyl, yule wa kiwanda cha soseji, akasema, "Bogumił, usihangaike. Tutakodi karatasi." Timu kibao za huku hufanya hivyo. Anatafutwa mtu mwenye leseni, anaandikwa kocha, anakaa benchi siku ya mechi, basi. Pilch nilimleta mimi, kwa gari langu. Kwenye fomu ya mechi mimi nikaandikwa mtunza vifaa.

Miaka mitatu amekaa pale akitafuna mbegu za alizeti. Mazoezini alikuja mara sita. Anayeruhusiwa kusimama na kuelekeza ni kocha peke yake, kwa hiyo nilikuwa nakimbia na chupa za maji hadi mstarini, beki anakunywa, mimi namwambia asogee ndani. Waamuzi walinichoka. "Wewe mzee wa maji, hii mvua yote haiwatoshi? Kaa chini!" Siku moja nilimwambia Pilch awapigie kelele wapande kulia. Akasimama, akafuta maganda mdomoni, akapaza sauti: "Kushoto!" Tukafungwa palepale. Nikamuuliza, "Hivi wewe bwana, kulia kwako ni wapi?" Akanijibu, "Inategemea nimekaaje."

Nilicheka, Shangazi. Mpaka leo kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba nilicheka.

Kupanda daraja tulikuwa na uhakika nako tangu Mei, ila tulisherehekea Jumamosi ya tarehe 14 kwenye ukumbi wa zimamoto. Vijana walinirusha juu mara tatu, wakanidaka mara mbili na nusu. Kisha meya akakunjua karatasi, akamwita kocha aje apokee kombe. Nikaanza kunyanyuka. "Bwana Cezary Pilch!" Na mtu mzima yule akaenda! Akapokea na maua, akawashukuru "vijana wangu" ambao nusu yao hata majina hajui. Gzyl akanivuta koti. "Kaa, kaa, mwandishi wa habari yupo. Ukweli tunaujua sisi wenyewe." Nikamwambia, "Sisi wangapi?" Akajifanya anatafuta glasi yake.

Ningevumilia hata hilo. Jumatatu nilimeza kiburi nikaenda ofisi ya chama kuomba hiyo kozi. Kumbe anayeomba lazima awe ameongoza timu misimu miwili. Dada wa mapokezi akatafuta jina langu. "Kotula Bogumił. Hapa wewe ni mtunza vifaa. Mechi ulizoongoza: sifuri."

Nikamwambia, "Tisini na nne, dada."

"Bwana, mimi nasoma kilichoandikwa."

Yeye hana kosa. Lakini pata picha: Pilch ameshachukuliwa na timu ya ligi ya pili, kwa mechi zangu, na mimi siwezi hata kupewa dawati nililolikataa. Alhamisi, kwenye maandamano ya Mwili wa Kristo, tunatembea nyuma ya padri, shabiki wetu mmoja wa zamani akaninong'oneza, "Mtunza vifaa, mipira yote ipo?" Nikaendelea kuimba, meno nimeyauma.

Siku moja kabla ya hapo Gzyl alikuja nyumbani na soseji kilo tano. Ameshapata karatasi nyingine ya kukodi. "Msimu mmoja tu, Bogumił. Kazi ni yako, jina ni kitu gani?" Halina akaniwahi kujibu: "Kama jina si kitu, Bwana Mwenyekiti, basi pale kwenye lango la kiwanda chako andika la Pilch." Soseji aliondoka nazo.

Iskra nimewaachia. Jana nilikwenda Kamionka, kilomita tisa kutoka hapa. Timu yao, Zryw, iko ligi ya chini kabisa, ambako leseni haiulizwi. Msimu uliopita walifungwa mabao 97 na kushinda mechi mbili, moja kwa sababu wapinzani hawakutokea. Mkuu wa kijiji ndiye kipa. Aliponiona akasema, "Bwana Kotula, umepotea njia?" Nikamwambia sijapotea, nipe fomu. Kwenye nafasi ya kocha nikaandika jina langu kwa mkono wangu, nikakandamiza kalamu hadi karatasi ya chini ikapata alama.

Mechi 26 kwa msimu, misimu miwili, 52. Kisha wikiendi kumi na sita, na dawatini nitakaa. Nitakuwa na miaka hamsini. Nimeshapiga hesabu, inawezekana.

Tunaanza tarehe 17 Agosti. Lakini usitafute gazetini, Shangazi. Ligi hiyo haiandikwi na gazeti la huku, sembuse la huko. Matokeo nitakuandikia mimi, kila Jumapili, kama zamani. Safari hii itabidi uamue mwenyewe kama unaniamini.

Msalimie Mjomba Ludwik, mwanao Kazimierz na mkewe, na Teofila mdogo. Halina anakutumia mabusu. Jamu itakuja na atakayesafiri. Mungu aitulize hiyo nyonga na akuweke nasi miaka mingi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Bogumił Kotula
Kocha, Zryw Kamionka