Mashine ya Kufulia Iliyogeuka Kiti cha Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Nyoosha, shikamoo. Naomba unisaidie na naomba pia usinicheke, ingawa najua utacheka, maana hata mume wangu nilipomsomea mwanzo wa barua hii aliinuka akaenda kuchekea uani. Samahani kwa mwandiko, vidole vyangu vimefungwa plasta, na hizo plasta ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Mimi ni fundi wa magauni ya maharusi. Satini nyeupe haitaki mkono wenye nyufa, ukipitisha tu kidole kilichochanika uzi unanasa na gauni limeharibika, na mikono yangu imechanika kwa sababu nyumba yetu ina watu wengi na nguo zote nafua mimi, pamoja na sare za mume wangu ambaye ni mlinzi wa benki na anapenda kola iwe nyeupe utadhani wezi huikagua kabla ya kuingia. Kwa hiyo nilijinyima, nikadunduliza, nikanunua mashine ya kufulia, mpya kabisa, ndani ya boksi lake, vijana wa duka wakaja kuifunga bafuni, na muuzaji alikuwa ameshaipigapiga mgongoni akiniambia, dada, leo umeagana na beseni.

Shangazi, mashine inatembea. Sitii chumvi. Ikifika kwenye kukamua inaanza kutetemeka, kisha inarukaruka, kisha inashika njia. Siku ya kwanza iliondoka kwenye kona yake ikavuta na mpira wake wa maji ikaenda kusimama mlangoni, na mume wangu alikuwa humohumo ndani anaoga, akashindwa kutoka, ikabidi apitie dirishani na taulo huku majirani wakimsalimia. Kazini alichelewa, akamweleza mkubwa wake kwamba mashine ilimzuia kutoka bafuni, na mpaka leo mkubwa wake anamtazama kwa jicho la pembeni.

Nikapiga simu dukani. Muuzaji akasema mashine bado ngeni, haijaizoea nyumba. Nikaisubiri izoee, na kweli ikazoea, maana sasa ilikuwa inafika mpaka jikoni. Nikapiga tena, akasema sakafu yenu ina mteremko, nikamwambia mbona inakwenda upande wa kupanda, akasema basi ni umeme wenu. Mara ya tatu akaniambia niisome karatasi ya waranti nimwoneshe palipoandikwa kwamba haitatembea. Nimeisoma yote, Shangazi, mbele na nyuma. Hamna.

Hapo ndipo alipokuja mama mkwe, kututembelea na kutibiwa kiuno ambacho kimemtesa muda mrefu. Alikuwa ameketi jikoni anamenya vitunguu, mashine ikatokea mlangoni inamfuata. Sisi wengine huwa tunakimbia. Mama mkwe si mtu wa kukimbizwa na kitu kilichonunuliwa dukani, akainuka polepole, akaigeukia, akaikalia. Ikatulia palepale, ikabaki inanguruma tu, na mama akafumba macho, na ilipomaliza akateremka akatembea mpaka chumbani bila kushika ukuta. Nililia kwa furaha, nasema kweli, kwa sababu nampenda na nilikuwa nimechoka kumwona anatembea ameinama.

Lakini tangu siku hiyo mashine si yangu tena. Anaikalia asubuhi, anaikalia jioni, ameiwekea na mto niliomshonea kwa mabaki ya satini. Nguo hataki ziwekwe, anasema zinaifanya nzito na mtikisiko haumfikii kiunoni. Kwa hiyo inazunguka tupu, na mimi nachuchumaa pembeni yake na beseni nafua kwa mikono, naye huko juu ananiuliza kama kola zimetakata. Rafiki zake wawili nao wanakuja, wanakaa kwenye benchi kusubiri zamu. Mmoja anaumwa goti, na mwingine haumwi kitu, anapenda tu.

Fundi wa duka alikuja mara moja. Nikawasha aone, na mama alikuwa juu kwa kuwa ilikuwa saa yake, na mashine ikakaa kwa adabu isiyo kifani. Fundi akasema haina tatizo. Nikajikaza kisabuni nikamwomba mama ashuke kidogo tu, akaniambia mbele ya yule fundi, "Mwanangu, mimi nimepona. Wewe ugonjwa unautafutia nini?" Nikaona aibu. Fundi akanipa karatasi iliyoandikwa mteja ameridhika, nikaitia saini, kwa sababu alikuwa ameshamaliza chai yake.

Jumamosi waranti inakwisha. Wifi yangu ameshanipigia kusema kwamba nataka kuirudisha mashine ili nimfukuze mama yao kwa ujanja. Mume wangu anasema yeye hayumo. Juzi bi harusi amenirudishia gauni, nyuzi zimenasa kifua kizima, na nilipoliangalia nikajua ni kidole changu. Yamenifika shingoni, nimefikia hata kufikiria kuitia mchanga ife kabisa, tujue moja. Nikirudisha nimemfukuza mama mkwe, nikinyamaza mikono imekwisha na kazi nayo imekwisha, nifanye nini?

Ni mimi, Mkwe wa Plasta.

SHANGAZI NYOOSHA ANAJIBU

Mkwe wa Plasta, marahaba. Nimecheka, nisikufiche. Kwa ule mwandiko nilidhani umeiandika barua juu ya mashine yenyewe ikiwa safarini. Nilipofika kwenye beseni nikaacha kucheka, nikakasirika, na hasira zangu nitazigawa kila mtu apate fungu lake.

Naanza na wewe. Ulitia saini kwamba umeridhika, huku vidole vimefungwa plasta, kwa sababu mtu alimaliza chai. Mwanangu, mgeni hupewa chai, saini hapewi. Na huo mchanga uutoe kichwani leo hii. Ukiiharibu mashine kwa mkono wako utakuwa umempa muuzaji sababu aliyokuwa akiitafuta ya kunawa mikono, naye atakushukuru moyoni.

Huyo muuzaji anakupiga danadana. Ulinunua mashine ya kufulia, kazi yake ni kufua, tena ifulie palepale ulipoiweka. Hilo halihitaji kuandikwa popote, kwani hata kwenye meza hawaandiki kwamba haitahama. Kitu kipya kikiwa kibovu tangu mwanzo, aliyekiuza anawajibika: akitengeneze, au akupe kingine, au akurudishie fedha zako. Saini yako isikunyime usingizi, haiwezi kuigeuza mashine mbovu kuwa nzima, ila usiirudie.

Simu zako zote zilikwenda na upepo. Sasa andika. Eleza tatizo, siku lilipoanza na majibu yote uliyopewa, hata lile la mteremko, hasa lile la mteremko. Ambatisha nakala ya risiti, yenyewe ubaki nayo. Peleka kabla ya Jumamosi na wakupokelee kwa muhuri, ili wasije wakasema ulichelewa kulalamika. Dai pia fundi mwingine aje akague kama zile skrubu zinazoshikilia pipa la ndani mashine inaposafirishwa kutoka kiwandani zilitolewa. Kama zimebaki humo, vijana wao ndio walioifunga na kosa ni lao. Wakikataa, nenda ofisi inayowatetea walaji, kazi yake ni hiyo.

Na muuzaji akijitetea kwamba mashine inatulia ikikaliwa, mwulize kwa upole, wateja wengine wakisikia: "Kama haiwezi kazi bila mama mkwe juu yake, mbona kwenye boksi hamkumweka?"

Mume wako nina hakika anaisoma safu hii kwa kujificha. Wewe baba, unalinda fedha za watu usiowajua, na mikono inayokufulia kola umeshindwa kuilinda. Eti wewe humo. Siku ile unatoka dirishani na taulo ulikuwemo sana. Mpigie dada yako wewe mwenyewe umweleze ukweli, na kola zako kuanzia leo zifue. Halafu mpeleke mama hospitali. Alikuja kutibiwa kiuno, na kwa barua niliyoisoma, hakuna aliyemfikisha kwa daktari, mmemwachia mashine ndiyo imtibu.

Amebaki mama mkwe, na yeye simgombezi. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipomwonesha mikono, sijapaona. Umemwambia mashine ni mbovu, naye kwa kiuno chake anajua ni nzima, kwa hiyo hawezi kukuelewa. Yeye yuko juu, beseni liko chini, kola anaziona, lakini vidole vyako viko ndani ya povu. Hujasema unaumia. Umenyamaza kwa heshima, na heshima hiyo sasa inaharibu magauni ya watu.

Kesho akishaketi, usilete beseni. Toa plasta zote, lilete lile gauni lililorudishwa, kisha weka mikono yako mapajani mwake na umwambie kilichotokea. Neno la kushuka usilitamke. Mtu aliyeishi na maumivu hivyo atajua anachokitazama, na nakuhakikishia atashuka mwenyewe, tena kabla hujamaliza kueleza.

Akishashuka, mshike mkono umkalishe mahali pa heshima. Jaza mashine nguo, washa, fungueni milango yote mpaka jikoni, pisheni njia, na mlinzi wa benki ashike simu apige video ya kumpelekea muuzaji.