Kilo Sita za Msumari

Jumatatu, 4 Machi

Msumari, mdogo wangu,

Wiki ya sita tangu tukuzike. Nimenunua daftari la shule, la mistari. Nakuandikia kwa sababu cherehani haijibu na jirani amechoka kunisikiliza. Wewe hukuwahi kunisikiliza, kwa hiyo hakuna kilichobadilika.

Nesi wa ule utafiti uliokuwemo amepiga simu. Niende Jumatano, daktari anataka ridhaa ya ndugu. Ridhaa ya nini? Ya damu, akasema. Kumbe bado una damu! Vichupa kumi na viwili, ndani ya friji lao.

Jumatano, 6 Machi

Chumba ni kile ulichokuwa ukikisifia. Feni, viti vya plastiki, bango la ini lililochorwa macho na tabasamu. Nesi alinikaribisha kwa heshima mpaka nikageuka kuona nani yuko nyuma yangu.

Daktari alinieleza taratibu, kama mtoto wa darasa la pili. Nilishukuru. Mafuta ya mwilini si mzigo tu, alisema. Yanatoa homoni inayopeleka habari kwenye ubongo: akiba ipo, au akiba imekwisha. Mafuta yakipungua, homoni nayo hupungua. Wanawapima watu wanaojidunga dawa za kulevya — wenye virusi vya UKIMWI, wenye virusi vya ini, na wenye vyote viwili, kama wewe uliyekuwa hutaki kukosa kitu.

Mafuta! Wewe! Ukisimama ubavu hata kivuli kilikuwa kinakutafuta.

"Dada, huyu ni wa pekee," akasema. Kati ya watu sitini, wewe tu uzito unapanda huku homoni ya mafuta inashuka. Kila kipimo! Anadhani virusi hivyo viwili vikikutana vinayanyamazisha mafuta. Mwezi ujao atawaeleza wenzake mkutanoni. Namba 41, ndivyo wanavyokuita humo, akasema, atatufundisha mengi.

Nikatazama viatu vyangu. Niliomba fomu nikaisome nyumbani.

Ijumaa, 8 Machi

Hapa hakuna wa kunisikia, basi niandike. Uzito ule ni mimi.

Ulikuja mbio siku ile: aliye chini ya kilo arobaini na tano anatolewa kwenye utafiti. "Dada, wanitupe nje? Pale tu ndipo ninapoulizwa nimeamkaje!" Nikakushonea kaptura ya kuvaa ndani, ya turubai, mishono miwili. Ukaijaza vyuma kutoka gunia lako la chakavu. Ulitembea kama bwana harusi mwenye viatu vya kuazima! Nesi, kwa adabu yake, hakukuambia uvue suruali. Tulicheka mpaka ukashika ukuta.

Kila ulipokonda, niliongeza mfuko. Mwishoni zilikuwa kilo sita. Mimi huwa nazidisha kidogo, hata kitambaa cha mteja — ndiyo maana ulikuwa "unanenepa".

Leo nimesoma fomu yote, kidole juu ya mstari. Ukurasa wa nne: atakayeshuka chini ya kilo 45 ataondolewa katika utafiti *na kupelekwa wodini kutibiwa*.

Na kupelekwa wodini.

Ulikimbia kabla hawajamaliza sentensi? Au ulisikia, ukanipa nusu? Sijui. Cherehani nimeifunika.

Jumamosi, 9 Machi

Nikisema, namba 41 inafutwa na vichupa vinamwagwa. Sina kingine chako. Picha huna, ulikuwa ukikimbia kamera kama ulivyokimbia askari.

Nisiposema, daktari atasimama mbele ya wasomi kuvisifu virusi kwa kazi ya mikono yangu.

Nimeosha vyombo mara mbili.

Jumapili, 10 Machi

Kipara amekuja, rafiki yako wa chakavu na wa sindano. Suruali imefungwa kamba. Shikamoo, marahaba. Akauliza kwa upole, kama anayeazima ungo: ile kaptura ya marehemu, bado ipo?

"Una kilo ngapi?"

"Za kwangu au za mizani?" Akacheka peke yake. Za kwake arobaini na mbili. Kesho kutwa naye anapimwa, kwenye utafiti uleule.

Macho yake ya njano. Yako yalikuwa hivyo mwezi wa kumi na mbili.

Nikasema kaptura haitoki humu. "Uchoyo huo, dada! Mwenyewe angenipa." Kweli, ungempa. Nilimpa chai na mkate. Akala kipande, akasema ameshiba. Na wewe ulikuwa ukisema hivyo.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya mlango wa daktari; nimekuja kusema. Kipara yuko kando yangu. Nilimsomea ukurasa wa nne njia nzima, bado amenuna. "Umeniuza, dada. Na ndugu yako pia umemuuza." Lakini hajaondoka. Amevaa suruali yake tu, bila vyuma ndani.

Nesi amemwita kwenye mizani. Amekwenda kwa hatua ndogo ndogo, kama mtu anayeogopa kuvunja sakafu.

Nilimwuliza nesi: namba ikifutwa, damu haiwezi kuachwa tu, pembeni, isiguswe? Akafikiri. Hakuna aliyewahi kuuliza, akasema. Friji limejaa. Aulize nani?

Kilo arobaini na moja — nimesikia mpaka huku. Kisha sauti ya nesi, taratibu: "Kaka, kaa hapa kwanza. Usiondoke."

Daktari amefungua mlango. Anatabasamu, ana kalamu kwa ajili ya fomu yangu. Karibu dada, ndugu wa namba 41.

Nasimama. Wakivimwaga, mdogo wangu, usinichukie. Popote ulipo, nikumbuke.