Picha ya Mama Imekwenda Ulaya

Mdogo wangu Adela,

Habari za hapo nyumbani? Migomba nayo haijambo? Mama anaiulizia kuliko anavyowaulizia ninyi. Tumefikia huku mjini, mtaa wa Pasiansi, kwa shangazi. Joto linanata, na samaki wale sato anaotukaangia ni watamu, ila wangu mimi namwachia Mama.

Jana daktari alimwambia Mama picha yake itatumwa Ulaya kwa intaneti, kupitia waya wa simu, ili bingwa wa huko auangalie ule uvimbe wa shingoni. Basi leo Mama kaamka, kavaa gauni la Pasaka, kajipaka mafuta, kakaa wima mbele ya kompyuta ya hospitali. Kumbe kinachopigwa picha ni kile kinyama walichomkata juzi, kimewekwa kwenye kioo chini ya hadubini! Yakatokea madoa ya zambarau. Mama akauliza, "Ndiyo mimi huyo?" Daktari akacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana simu ilikuwa inakatika kila mara kabla picha haijafika huko.

Mchana jibu likaja: bingwa hana uhakika, anaomba picha nyingine, ya karibu zaidi. Nimezunguka uwanja wa hospitali mpaka mlinzi kaniuliza nimepoteza nini. Mama naye anamwambia kila mgonjwa pale kwenye benchi, "Wameipenda, wameomba nyingine." Sasa hivi analipiga pasi lile gauni, shingo kaifunika kwa kanga.

Nawapenda wote, wabusu watoto. Baba akikuuliza, nawe mwambie wameipenda.

Dada yako,
Koku