Mzee Komba kazima muziki

Jumatano, Kihonda. Mawingu tangu alfajiri na milima haionekani kabisa. Ukiambiwa Uluguru imehamishwa unaweza ukaamini. Mvua inatishia tu, hainyeshi. Na mimi nimeshinda hivyo hivyo.

Naandika kwa simu, jua linazama. Mtanisamehe makosa ya herufi.

Leo mama alikuwa anafanyiwa upasuaji Dar, uvimbe tumboni. Mdogo wangu Hamisi na mkewe ndio wako naye. Mimi nilikuwa huko wiki iliyopita, nikaambiwa wodini hawataki watu wajazane, rudi kwa mtoto wako, tutakupigia. Nikarudi. Tangu hapo naishi na simu. Hata chooni naingia nayo.

Asubuhi mwanangu Aisha alipokwenda shule nikazima sabufa.

Mliozoea kunisoma mnajua uzito wa sentensi hiyo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa nyumbani, na sabufa yangu huwashwa kabla ya chai. Taarabu mpaka adhuhuri. Ina spika ndogo mbili, moja inakoroma, na lile boksi kubwa ambalo paka wangu amelifanya kitanda. Ndiyo maana anaitwa Besi. Labda anapenda joto lake, labda anapenda kutetemeshwa tumbo, sijui, sijawahi kuwa paka. Leo nilizima ili simu ikiita nisikie. Nikachomoa na waya ukutani, utadhani sabufa itajiwasha yenyewe. Besi akapanda, akakaa kidogo, akashuka, akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitanda chake.

Sasa nimtaje Mzee Komba, maana wageni hamumjui. Ni jirani yangu, ukuta wake ndio wangu. Mstaafu wa kiwanda cha nguo, Mngoni wa Songea, mkewe alishatangulia. Ana deki ya kaseti ya enzi hizo, amplifaya inayopata moto kama pasi, na boksi la spika alilochonga mwenyewe kwa mbao za mninga, kubwa kama kabati la nguo. Yeye ni dansi tu: magitaa, saksafoni, tarumbeta. Anasema taarabu yangu ni umbea uliopigiwa kinanda. Mimi namwambia dansi lake ni la watu wanaosubiri pensheni. Hakimu wetu ni Besi. Paka akivuka ukuta kwenda kwake asubuhi, dansi limeshinda, na nitatangaziwa hilo dirishani. Akibaki kwangu, mzee anakata rufaa, eti hakimu amehongwa dagaa.

Mama naye aliingia kwenye kesi hii alipokuja kukaa kwangu mwaka jana. Ni mtu wa Mlali, amezoea kimya cha shamba. Siku ya kwanza tarumbeta zilipoanza alitoka na kanga kichwani, akasimama ukutani, salamu hakuna.

"Wewe Mngoni, punguza."

Mzee akapunguza. Mama alipogeuka tu, akaongeza. Wakawa watani kuanzia siku hiyo. Kila asubuhi mama anatoka, punguza; kila asubuhi mzee anapunguza, kisha anaongeza. Mama aliporudi Mlali mzee aliniuliza mara kadhaa kama atakuja tena, akijifanya anauliza juu ya mahindi.

Basi leo asubuhi Mzee Komba aliwasha kama kawaida yake. Gitaa likaanza, mwimbaji akaingia, na katikati ya ubeti, kimya.

Nikadhani umeme umekatika. Friji langu lilikuwa linaunguruma.

Mzee Komba hakati wimbo. Wimbo unamalizwa, ndiyo sheria ya nyumba yake. Mgeni akigonga atasubiri mlangoni mpaka tarumbeta ya mwisho. Nikasimamisha cherehani nikasikiliza. Hakuna kitu. Nikaifuata simu.

Labda wa mbali hawatanielewa. Huku kwetu habari ya kifo haisemwi hivi hivi kwenye simu. Anapigiwa kwanza mtu aliye karibu nawe, jirani au mwenye nyumba, ili ukija kuambiwa uwe na wa kukushika. Wewe unaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, njoo tu umwone. Na waliokuzunguka wanazima muziki, kwa heshima. Baba alipofariki nilikuwa nimepanga chumba Msamvu. Mama mwenye nyumba alizima redio yake, akaingia chumbani kwangu, akanikunjia nguo kwenye begi, akisema nenda, baba anaendelea vizuri. Nilifika Mlali nikakuta turubai limeshafungwa na wanawake wamekaa kwenye mikeka. Nyumba nzima niliyopanga walijua kabla yangu. Sikuwalaumu, walifanya kwa upendo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nikampigia Hamisi. Inaita, haipokelewi. Nikampigia wifi, hapatikani. Nikampigia Hamisi tena na tena mpaka nikajionea aibu. Mwishowe ukaingia ujumbe: "Mama anaendelea vizuri. Tulia."

Anaendelea vizuri. Maneno yale yale.

Nilikuwa bado naukodolea macho ujumbe huo, Mama Upendo wa nyumba ya mbele akaingia na ungo wake. Huyu anauza vitumbua barazani kwake, na saa ile hata ukimwambia nyumba yake inavuja haachi jiko. Akakaa kwenye ngazi yangu, akauliza mchele uko wapi, akaanza kuuchambua. "Nimeona nije tu tukae," akasema. Sauti ya chini. Hakuniuliza habari za mama, na jana aliniuliza.

Nikaenda dirishani. Mzee Komba alikuwa amekaa nje mlangoni kwake. Siku zote asubuhi utamkuta na kandambili na fulana yenye matundu. Leo kavaa shati la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, na viatu. Besi yuko miguuni kwake. Macho yetu yakakutana, akainamisha kichwa.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliogopa mpaka nikaanza kuomba simu isilie, mimi niliyezima muziki ili niisikie.

Nikatoa begi. Kanga mbili, mtandio, nguo za Aisha. Nikawa nafanya kila kitu polepole, kwa sababu nilijua nikifunga ile zipu nitakuwa nimekubali. Nikakumbuka mara ya mwisho kuongea na mama, jana jioni. Hatukuongea lolote la maana. Aliniuliza kama yule paka bado anadekezwa na spika, nikasema ndiyo, akasema paka wa kwao Mlali hukamata panya. Nikawa najiuliza kama mtu anaweza kuondoka duniani na maneno hayo, halafu nikajijibu kwamba anaweza, watu wengi huondoka hivyo.

Sikufunga zipu. Nilitoka nje, nikampita Mama Upendo, nikaenda kusimama mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu." Akasimama. Yeye husimama tu kwa mapadri na kwa wafiwa.

"Nani amekupigia?"

"Kunipigia mimi?"

"Mzee wangu, usinifiche. Nilishafichwa kwa baba. Hamisi amekwambiaje?"

Akanitazama, akamtazama Mama Upendo ambaye alikuwa ameshanyanyuka na ungo mkononi, akanitazama tena.

"Mimi sijapigiwa na mtu. Mimi nilijua wewe ndiye umepigiwa."

"Mbona umezima?"

"Wewe mbona umezima?" Alianza kukasirika kidogo, kama mtu aliyesingiziwa. "Tangu nihamie hapa, ukiwepo nyumbani, sijawahi kuamka nikakuta umbea wako umenyamaza. Nikawasha mimi, nikasikiliza, kwako kimya. Paka kaja mapema, hata kwenye spika hakupanda. Nikasema, basi, mtoto wa watu kafiwa na mimi napiga tarumbeta. Nikazima hapo hapo. Nikavaa, nikasubiri uje uniambie."

Nikamgeukia Mama Upendo. Yeye akasema hakuambiwa na yeyote. Alisikia Mzee Komba amekata wimbo katikati, akajua hapo hakuna jingine, akaepua kikaango.

Mimi nilizima ili nisikie simu. Mzee akazima kwa sababu nimezima. Mama Upendo akaja kwa sababu mzee kazima. Na mimi nikapanga begi kwa sababu yao wote wawili. Mama yetu tulikuwa tunamzika sisi watatu hapa Kihonda na Dar hawana habari.

Mama Upendo ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika uso kwa ungo, mchele ukamwagika. Nami nikacheka, machozi yakanitoka. Mzee hakucheka sana. Alisema mafuta ya mwenzetu yatakuwa yamepoa, na vitumbua vya kupoa yeye hali.

Kicheko hakikukaa. Kwa sababu ule ujumbe ulikuwa bado upo, na kwamba mzee hakupigiwa haikumaanisha kwamba mama ni mzima. Ilimaanisha tu kwamba hatujui, sote watatu. Mzee aliuliza kama awashe. Nikamwambia bado. Akarudi kukaa na viatu vyake, Mama Upendo akarudi kwenye ngazi yangu, na vitumbua vya leo Kihonda imevikosa. Hakuna aliyeaga. Tulikaa hivyo, tukisema mambo ya mvua na bei ya nyanya, kila mmoja akiitazama simu yangu kwa kuibia.

Iliita karibu na alasiri. Hamisi.

"Dada, wamemaliza. Mama anaendelea vizuri."

"Mpe simu."

"Amelala. Dawa bado hazijamtoka."

Amelala. Nikachuchumaa pale pale ukutani. "Hamisi, mdogo wangu, kama mama amekufa niambie. Nina watu hapa, watanishika."

"Dada, mama yuko hai."

Na hilo pia sikuliamini. Hata baba alikuwa hai kwenye simu. Kama unatoka kwetu unajua shida hii: wakikudanganya na wakikwambia kweli, maneno ni hayo hayo, na sauti ni hiyo hiyo ya upole. Nilimwomba nimsikie mama mwenyewe. Akasema dada, ana mipira puani, anasikia kwa mbali tu, atasema nini? Nikasema basi mwekee simu sikioni, nitamsikia anavyopumua.

Sikusikia kupumua. Nilisikia vikombe, viti vinavyoburutwa, mwanamke fulani akikohoa. Nikaita mama, mama. Hakuna.

Mzee Komba aliinuka akaingia ndani. Nikasikia kitufe cha deki kikigota. Kaseti ikaendelea pale pale ilipokatwa asubuhi, katikati ya ubeti, mwimbaji akamalizia neno lake, tarumbeta zikaingia zote kwa pamoja. Ukuta ukatetemeka. Nikanyoosha mkono na simu kuelekea dirishani kwake, nikiwa nimesimama kama mtu anayetafuta mtandao.

Halafu nikairudisha sikioni. Kikatoka kisauti kikavu, kizito, kama cha mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Mwambie yule Mngoni apunguze."

Nililia mpaka Mama Upendo akaja kuninyang'anya simu kwa hofu, naye aliposikia akaanza kulia. Nikampigia kelele mzee kupitia dirishani: anasema punguza. Muziki ukashuka. Nikasubiri aongeze, kama kawaida yake. Hakuongeza. Nilipochungulia nilimwona amesimama mbele ya spika yake, mkono bado uko kwenye kile kitufe cha sauti, amenipa mgongo.

Jioni nimempelekea chakula. Amesharudia fulana yake ya matundu. Amesema Besi leo amelala kwake mchana kutwa, kwa hiyo dansi limeshinda, nami nimekubali bila rufaa. Halafu nikamwomba kitu. Nimemwambia: mzee wangu, siku ukija kupigiwa wewe kwanza, usizime. Acha wimbo uishe, ndipo unigongee.

Akamkuna Besi kidevuni.

"Hilo sikuahidi, binti yangu. Mkono utakwenda wenyewe."

Nadhani hata mimi wangu ungekwenda.

Mama bado yuko wodini, na Hamisi amesema leo na kesho ni siku za kuangalia. Kwa hiyo siwezi kusema hofu imeisha. Imekaa tu, kama ile mvua. Begi nimelisukuma chini ya kitanda bila kutoa nguo. Waya wa sabufa nimeurudisha ukutani, Besi kavuka ukuta kuja kwangu na kapanda kitandani kwake.

Kesho nikifumbua macho sitashika simu. Nitalala kimya kwanza, nisikilize upande wa pili wa ukuta. Ewe Mola, naomba tarumbeta.