Tende Moja Kinywani

Mpendwa kaka,

Nakuandikia kutoka chumba kile kile ulichokigeuza darasa. Huko Unguja, chuoni kwenu, nadhani mna meza na ubao. Sisi tulikuwa na zidaka, zile nafasi za ukutani anazopangia mama sahani zake. Ulizishusha sahani zote ukapanga matunda, kila aina na kidaka chake. "Zidaka ni za zombo," mama alikugombeza, "si za maganda!" Akaondoka akinung'unika, elimu gani hii inayoleta nzi.

Nilikuwa nimeanza kutawa. Mlango wa nje ulifungwa kwangu tangu nilipovunja ungo, na dunia iliyonifikia ni ile uliyoibeba wewe kikapuni. Ulipasua embe la Kililana ukanionyesha ganda la nje, nyama, kisha kokwa. Kokwa la embe si mbegu, ulisema, ni ukuta wa ndani wa tunda uliogeuka kuwa mgumu, na mbegu imejificha humo. Chungwa ulilitenga kwa kuwa nyama yake ni vifuko vya maji. Nanasi ni maua mengi yaliyoungana. Nilipouliza bibo tuliweke wapi ulicheka hadi ukakaa chini, eti lile tunalolila ni kikonyo kilichovimba tu, tunda lenyewe ni korosho. Mimi nilidhani unanitania.

Tuligombana juu ya tende. Niliiweka pamoja na embe, maana zote zina kitu kigumu ndani. Ukakataa: kigumu cha tende ni mbegu yenyewe, na ukuta wa ndani ni utando mwembamba unaoizunguka. Ukasafiri ugomvi haujaisha.

Basi sikiliza kilichonipata. Juzi nilitia tende kinywani, nikawa naichambua kwa ulimi nitafute huo utando wako. Baba akaja kusimama nyuma ya pazia, pamoja na ami zetu wawili. "Mwanangu, mwana wa ami yako mekuposa. Waridhia?" Kaka, kinywa kimejaa! Niiteme mbele ya wazee? Nijibu huku natafuna? Nawe wajua kwetu mwanamwali akiulizwa akanyamaza, amekubali. "Alhamdulillahi," baba akasema, "menyamaa." Nikasikia makubadhi yao yakishuka ngazi.

Nilimkimbilia mama jikoni nikamwambia sikukubali, nilikuwa nakula. Aliendelea kukuna nazi.

"Na ungekuwa huli," akaniuliza, "ungethubutu kumwambia babako la?"

Najua nisingethubutu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nyumba imejaa wanawake. Wananisinga liwa mwilini, wananipima nguo, wananiambia nina bahati. Mwana wa ami huenda ni mtu mwema. Simjui. Ninachojua ni kwamba wewe uliahidi kuniombea ruhusa kwa baba nije Unguja, nami nisomee ualimu. Nikilikumbuka hilo naona kama kwamba kuta zimesogea. Naogopa. Na nimekasirika, kaka, nawe umo katika hasira yangu, maana ulinizoesha kuuliza kila kitu, kisha ukaniacha mahali ambapo mtu huulizwa mara moja tu maishani mwake. Utando niliupata, kwa taarifa yako. Ulisema kweli, na sikufurahi hata kidogo.

Jana nilijikaza. Baba alipotoka kuswali alasiri nilimngoja juu ya ngazi, nikasema kwa sauti, kinywa kitupu, "Baba, mimi sikuridhia." Alinisikia vizuri. Alinishika kichwa kwa upole, akatabasamu, akamgeukia mama aliyesimama nyuma yangu. "Mwana ana haya," akasema.

Basi mwandikie wewe. Usimtungie hoja, wala usimweleze zaidi. Andika neno lile lile nililosema mimi. Likitoka kwako atalisikia.

Nakuaga nikiwa bado wa nyumba hii,

Dadako